Ujumbe wa Kalekye Niliounyamazia

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa Tawi la Kitui alinikalisha mbele ya kompyuta, akafungua ukurasa uliojaa mistari mifupi ya herufi kubwa. "Kioko," akaniambia, "hii ndiyo foleni. Kampuni ya ndege ikibadilisha saa, ujumbe unaangukia hapa. Wateja wanafikiri kazi yetu ni kukata tiketi. Kazi yetu ni kuangalia hii."

Alisema kweli. Abiria wa kwetu akienda mbali hupanda ndege Nairobi, kisha hubadilisha katika mji mwingine. Hiyo ndege ya pili tunaiita konekshen. Kila uwanja una muda wa chini unaohitajika kutoka ndege moja hadi nyingine. Ndege ya kwanza ikisogezwa mbele kidogo tu, muda huo unaisha, na tiketi inabaki nzuri kwenye karatasi huku safari imekatika katikati. Kama tiketi ni moja, na kampuni ndiyo iliyobadilisha saa, abiria hutafutiwa njia nyingine bila malipo. Ila usibonyeze kukubali mabadiliko kabla ya kuipigia kampuni simu, na upige mapema. Viti havingoji mtu.

Hayo yote nilimfundisha Mutheu alipoajiriwa. Baadaye nilipelekwa Mtito Andei kufungua dawati dogo, nikakaa huko miaka mitatu nikijua nikirudi Kitui nitakuwa Msimamizi wa Tiketi. Niliporudi, Mutheu alikuwa amekalia kiti hicho.

Nilimpongeza kwa mdomo. Lakini wateja kutoka Zombe waliingia, wakaniona nimekaa bila kazi, na bado wakasimama kando. "Tunangoja Madam Mutheu," walisema. Aliwachekesha kwa Kikamba, akauliza habari za mbuzi wao na mvua yao. Nami nikiuliza jambo, Meneja alinijibu bila kuinua kichwa, "Muulize Mutheu." Ilifika mahali nikawa naamka asubuhi nikitamani akosee. Kosa moja tu, kubwa, la kuonekana.

Jumatatu moja Mutheu alikuwa likizo, ameenda mji wa Wote kwa kongamano la akina mama wa kanisa lao. Nikafungua foleni yake. Ujumbe mmoja ulihusu mteja wake aliyeitwa Kalekye, nesi wa Zombe aliyepata kazi hospitali ya ng'ambo. Alipaswa kusafiri Jumapili ya wiki hiyo. Ndege yake ya kutoka Nairobi ilikuwa imesogezwa mbele kwa saa mbili, na konekshen isingewezekana. Chini ya buking, yaani rekodi ya safari yake, Mutheu alikuwa ameandika: *Asiporipoti hospitalini Jumanne asubuhi baada ya kusafiri, nafasi inapewa mtu mwingine.*

Nilisoma mpaka mwisho. Nikafunga. Nikajiambia, si mteja wangu.

Mutheu alirudi Alhamisi, akauona ujumbe hata kabla ya kuvua sweta. Akanyakua simu.

"Dada, ni nyinyi mmebadilisha, si abiria," nilimsikia akisema. "Ndege ya mapema ya Jumapili imejaa? Basi mpeleke kwa kampuni nyingine. Ndiyo, nangoja. Siendi mahali."

Alingoja mpaka saa ya chakula ikapita. Hatimaye wakampa njia ya kupitia mji mwingine, lakini ndege ilikuwa inaondoka kesho yake, Ijumaa mchana. Akampigia Kalekye na kuweka simu kwenye spika ili aandike.

"Kesho, Madam?" msichana akauliza. "Baba anakuja Jumamosi kutoka Kambu kuniaga. Hata kanisa limepanga maombi."

"Najua, mama. Lakini ndege ni hiyo. Panga nguo sasa hivi."

Alipokata simu alifungua historia ya buking. Mfumo wetu huandika saini ya kila ajenti aliyeifungua. Nikaona macho yake yamesimama pale. Kisha yakanijia mimi.

Meneja akatoka ofisini kwake, naye ameuona ujumbe kwenye kompyuta yake. "Huu ujumbe ni wa tangu Jumatatu. Nani alikuwa na foleni?"

"Niliondoka bila kumwachia mtu foleni yangu, sir," Mutheu akasema. "Ni makosa yangu."

Alikaripiwa mbele yetu sote. Nililokuwa nimeliomba miaka yote likatokea, na nitasema ukweli, kwa dakika nzima nilifurahi.

Jumamosi, kabla hatujafunga, aliingia mzee mwenye vumbi mpaka kwenye kofia, kibuyu cha asali mkononi. Alikuwa ametoka Kambu alfajiri, simu imezima, na huko Zombe alikuta nyumba haina mtoto wake.

"Alilia?" mzee akamuuliza Mutheu.

"Alilia kidogo kwenye simu, mzee. Halafu akapanda."

Mzee akaweka kibuyu mezani. "Basi ni sawa. Kazi amepata. Hii asali alikuwa aende nayo. Chukua wewe."

Alipoondoka, Mutheu alimimina nusu kwenye chupa, akaiweka juu ya dawati langu. "Ya watoto, Bwana Kioko." Nyumbani mke wangu aliuliza imetoka wapi. Nikamwambia ni mteja amenishukuru.

Nilistaafu mwaka jana. Kwenye sherehe Mutheu alisimama akawaambia watu kwamba mimi ndiye niliyemfundisha kusoma foleni. Wakapiga makofi. Mimi nilimshukuru Meneja, nikakaa. Sasa Mutheu ndiye Meneja wa Tawi la Wote, na habari hiyo bado inanichoma, ingawa sina tena dawati la kugombania.

Vijana mnaoanza kazi hii mmeniomba ushauri, na najua Mutheu ndiye huwasomea barua kama hii. Kwa hiyo nitamwambia papa hapa. Mutheu, saini yangu uliiona. Kitu ambacho mfumo haukuandika ni kwamba ndege ya mapema ya Jumapili ilikuwa bado na viti wazi Jumatatu ile, na Jumanne, na hata Jumatano, kabla hujarudi. Najua kwa sababu kila siku niliangalia. Yule mzee angemkuta mtoto wake.