Mjane Nisiyemsalimia

Ofisi yetu iko mtaa wa Himbi, na kazi yangu ni kuwasikiliza wajane wanaonyang'anywa mali. Kanuni ya kwanza tuliyofundishwa ni hii: ukikutana na mteja barabarani, usimsalimie mpaka aanze yeye, watu wasije wakajua ameleta kesi. Aliyeiandika, nadhani, hakuwahi kuishi Goma.

Mwaka jana alikuja mama mmoja, muuza maharagi wa Birere. Mumewe alikuwa amefariki, na shemeji yake alitaka kuuza parseli ya Munigi, kiwanja ambacho kisheria ni cha watoto. Wakili wetu alikuwa anaandaa kesi. Shemeji angepata fununu kabla haijafika mahakamani, angeuza upesi, na watoto wangekosa pa kulala.

Asubuhi moja nikapita Birere. Shemeji huyo, ambaye tunasali naye kanisa moja na anaijua kazi yangu, alikuwa amesimama na majirani kwenye meza ya mjane. Akaniita. Nikawapa mkono wote, mmoja mmoja, nikauliza habari za nyumbani. Mjane nikamruka. Kwetu, ukimruka mtu mmoja katikati ya salamu ni bora ungemnyooshea kidole. Shemeji akatuangalia sote wawili.

"Na huyu mama, mbona haumupatie mukono? Munajuana?"

Mjane akajibu bila kuacha kuchambua maharagi.

"Ule alisemaka mbele ya watu eti maharagi yangu iko na wadudu. Salamu yake siitake."

Majirani wakaguna, shemeji akacheka, na mimi nikaondoka nimeaibika lakini nikishukuru.

Habari ikamfikia mama yangu kabla sijafika nyumbani. Kesho yake akafuatana nami hadi Birere, na njia nzima alinigombeza.

"Mujane hana mutu wa kumutetea, na wewe unamuharibia kazi? Utamuomba musamaha."

Shemeji alikuwepo. Nikaomba msamaha kwa maneno ambayo sikuwahi kuyasema, na yeye mwenyewe akamsihi mjane anisamehe. Mjane akakubali kwa shingo upande, akiwa amenuna vizuri kabisa.

Mahakama ilizuia kiwanja kisiuzwe, na watoto wanalala pale mpaka leo. Mama yangu hawezi kujua, maana siri ya mteja si yangu. Kila akija mgeni, husimulia jinsi alivyonifundisha kuwaheshimu wajane. Inaniuma kweli. Namimina chai, nasema ndiyo mama.