Aliyedaka Machenza ya Mwanakheri

Kwa Mzee Ditram, ng'ambo ya mto Mkondoa, machenza huchumwa siku moja tu kwa msimu, na wanawake huchuma wawili wawili. Mmoja anashika upondo wenye kulabu ya waya nchani, mwenzake anakaa chini na khanga iliyotandazwa mikononi. Na hapo pana adabu yake: usivute tunda kabla hujamwita mwenzako kwa jina, naye akajibu, "Lete!" Chenza la usoni si mchezo, na likifika chini limepasuka, sokoni haliendi.

Basi Mwanakheri alikwenda peke yake mwaka huu. Miaka yote mwenzake alikuwa Hildegarda, jirani yake, Mkatoliki wa kelele nyingi, tangu wote wawili wakiwa na meno kamili. Hildegarda alifariki wakati wa masika. Tangu hapo nyumba ya Mwanakheri imenyamaza. Watoto wako Dar, wanapiga simu wakikumbuka, naye mchana kutwa anaongea na kuku. Upweke ulikuwa unamla, tuseme ukweli. Hakufuata machenza pale. Alifuata mtu, mtu wa kumpitia jioni amwambie, "Hodi, umepika nini leo?"

Wengine walikwisha kupata wenza wao. Akabaki mama mmoja pembeni, kijana kiasi, Msukuma wa hao waliohamia juzi juzi na ng'ombe, kavaa kofia ya sufu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Mzee Ditram akacheka. "Haya, mgeni njoo mwenyeji apone! Nendeni mti ule wa mwisho."

Mwanakheri akainua upondo, akanasa kikonyo, akaita kwa sauti yake yote, "Hilda!"

Kimya. Mkono ulikwisha kuvuta kwa mazoea. Chenza likaanguka, pwaa, likapasuka.

"Bibi," yule mama akasema taratibu, "mimi siitwi Hilda."

"Ee, najua. Hilda amekufa. Shika khanga vizuri."

Loo! Mtu na mvi zake! Si hapo hapo ungeuliza, "Kwani unaitwa nani, mwanangu?" Hakuuliza. Akaanza kumwita "Msukuma". "Msukuma!" "Lete!" "Msukuma!" "Lete!" Kazi ikaenda. Akisahau, anaita Hilda, na yule mama mara ya kwanza alisita, mara ya pili akajibu, "Lete!" Kufika adhuhuri Mwanakheri alikuwa anaita Hilda tu, na Hilda anaitika. Hakuna chenza lililogusa udongo tena.

Wakakaa kivulini kupumzika. Yule mama akamenya chenza, akatoa nyuzi zote nyeupe, akampa bibi kipande kikubwa zaidi. Akasema mumewe hushinda na ng'ombe machungani, mara nyingine harudi hata wiki, na hapa hajazoeana na mtu yeyote.

"Nikienda kisimani wananyamaza," alisema. "Wanaona tumekuja kulisha ng'ombe mashambani mwao."

"Hilda naye hakupenda kisima kile," Mwanakheri akadakia. "Alikuwa akisema maji yake yana chumvi." Akaanza kusimulia habari za Hilda, jinsi alivyopika, alivyotukana mbuzi, alivyocheka kanisani mpaka padri akanyamaza. Yule mama alicheka mahali pa kucheka, akasikitika mahali pa kusikitika. Mwanakheri hakumbuki siku nyingine aliyoongea hivyo tangu msiba. Moyo wake ukawa mwepesi. Akajisemea, huyu nitamkaribisha nyumbani, kesho kesho, nimpikie.

Jioni kila mtu akapewa ndoo yake ya machenza, ndiyo ujira, watu wakaanza kutawanyika. Mwanakheri alikuwa anajifunga khanga, na alipoinua kichwa, yule mama amekwisha kufika barabarani na ndoo kichwani, anasimamisha bodaboda.

Akamkimbilia kwa miguu yake ile ile mibovu. Mbali. Akafungua kinywa amwite, jina hana. Jina la Hilda likamfika ulimini, akaona haya kulipaza mbele za watu waliomzika mwenyewe.

"Msukuma!" akapiga kelele. "We Msukuma!"

Wanawake watatu wa Kisukuma waliokuwa njiani wakageuka, wamekunja nyuso. Yule wa kofia ya sufu hakugeuka. Bodaboda ikaondoka naye kuelekea upande wa reli.

Mwanakheri akawafikia wale watatu, anahema. "Samahanini, wanangu. Yule aliyepanda pikipiki, anaitwa nani? Anakaa wapi?"

Wakatazamana.

"Hatumjui, bibi, sisi tumetoka Rudewa," mmoja akasema. "Si ulikuwa naye wewe kutwa nzima?"