Chai ya Kijani ya Dada Somoe

Dada yangu Somoe ana presha, na mwaka huu aliacha vidonge vyake akaanza kunywa chai ya kijani. Hilo ndilo lililonitoa Mtwara kwenda Mocímboa da Praia, ng'ambo ya mto Ruvuma, kwa barabara ambayo kila niliyemtajia alinitazama kisha akaniuliza kama nina akili timamu.

Habari ilinifikia kwa sauti aliyonitumia kwenye simu. Alikuwa mchangamfu mno. "Zena, mdogo wangu, nimeachana na vile vidonge. Huku kuna chá verde, chai ya kijani, inasafisha damu yote. Wewe si unauza chai? Niletee iliyo nzuri." Halafu, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, akasema kichwa kinamgonga kisogoni na jicho la kushoto limeingia ukungu, ila ameambiwa ni uchafu unatoka mwilini.

Nina kiduka cha viungo na chai Mtwara mjini, na chai ya kijani naijua. Inatoka kwenye mti uleule wa chai nyeusi, isipokuwa majani yake hupashwa moto mapema kabla hayajageuka rangi. Naiuza, na mwenyewe naipenda. Anayeinywa kila siku bila sukari huenda akaipunguzia mishipa yake mzigo kidogo. Kidogo! Neno hilo nilimrudia dada yangu kwenye simu mpaka sauti ikanikauka, naye akacheka. Siku iliyofuata simu yake haikupatikana. Ya mumewe, shemeji Amade, iliita mpaka ikakata. Nikafunga duka.

Mtwara, asubuhi mapema. Nilibeba nguo chache, hati ya kusafiria, na pakiti za chai ya kijani kutoka nyanda za juu, majani mazima yaliyokunjwa kama vijiti. Nilijiambia kwamba nikimbadilishia chai mbovu kwa chai nzuri atanisikiliza, na akinisikiliza atarudi kwenye vidonge. Nilikuwa na hakika hiyo nilipoondoka.

Kilambo, mto Ruvuma. Maji yalikuwa yamepungua, na mtumbwi wa injini ulizunguka mafungu ya mchanga kama mtu anayekwepa madimbwi. Upande wa pili nilipiga tena kwa Amade. Kimya. Abiria mwenzangu, mfanyabiashara wa vitenge, aliniambia nisijitie hofu, mtandao wa huko hukatika. "Ukikatika ndiyo mambo mazuri au mabaya?" nikamuuliza. Akafikiri kidogo. "Yote mawili, dada."

Palma. Nililala kwa mama mmoja anayekaribisha wasafiri kutoka kwetu. Aliponiona sili, alinisogezea sahani ya muhogo na samaki. "Kula, bibie. Mgonjwa hapati nafuu kwa njaa yako." Nikala, ila ladha sikuisikia. Kabla sijalala alinipa neno moja la njia: nikisimamishwa na askari, niongee polepole, mikono ionekane.

Asubuhi, baada ya kutoka Palma, gari letu lilisimamishwa kweli. Abiria wote tulishuka na mizigo ikafunguliwa. Askari aliyechukua mkoba wangu alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alitoa pakiti, akaichana, akaona majani makavu ya kijani. Akayanusa. Akanitazama tangu kichwani hadi miguuni.

"Hii nini?"

"Chá verde," nikasema. "Chai. Chai tu, mwanangu."

Akamwita mwenzake. Wakaongea Kireno haraka, nikashika neno moja tu, suruma, na hilo nalijua: bangi. Dereva alishatazama pembeni, kama hakuwahi kuniona. Nikanyoosha mkono polepole, nikachota majani kwenye pakiti, nikayatia kinywani nikayatafuna mbele yao. Yalikuwa makavu, machungu, yakanishika koo nikakohoa hadi machozi yakanitoka. Yule wa pili akaangua kicheko. Wa kwanza hakucheka, lakini alinirudishia mkoba.

Olumbi. Hapo tuliambiwa tusubiri, barabara ya mbele haijaruhusiwa. Hakuna aliyesema kwa nini, wala hakuna aliyeuliza kwa sauti. Wanawake wa pale waliendelea kuuza ndizi na mahindi ya kuchoma, na kila pikipiki ilipokuja kutoka kusini, wote tulinyamaza kumtazama mwendeshaji usoni. Nikawa nahesabu mambo yanayoweza kumpata mwenye presha asiyekunywa dawa. Nilimwona dada amelala upande mmoja, mdomo umepinda. Nikamwona ndani ya sanda. Nilisema astaghfirullahi nikanunua ndizi ambazo sikuzitaka. Jua lilishaanza kuinama tuliporuhusiwa kuondoka.

Mocímboa da Praia. Nyumba nyingine zina mabati mapya yanayong'aa, nyingine bado ni kuta nyeusi bila paa tangu mji uliposhambuliwa. Nilimkuta shemeji Amade barazani na cherehani yake, anashona sare za shule. Aliponiona aliinuka ghafla, kitambaa kikaanguka.

"Zena! Umepitia njia gani wewe?"

"Dada yuko wapi?"

"Yumo ndani. Simu zetu zimekwisha moto, umeme umetususa." Kisha akapunguza sauti. "Afadhali umekuja. Mie hanisikii."

Alikuwa hai. Nikaingia. Alikaa kitini, amejifunga kitambaa kichwani kwa nguvu, uso umevimba kidogo.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu." Alinitafuta kwa kugeuza kichwa, akiniangalia kwa jicho la kulia. "Umeniletea chai?"

Nilitaka twende hospitali hapohapo. Alikataa. Alisema amechoka, alisema kesho, alisema mimi nimezoea kumwamrisha mteja. Ndipo nikaona nianze na nilichojua. Nikaomba hiyo chai anayokunywa.

Ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni: vumbi la kijani lililokoza, la kijani kama rangi ya kupaka mlango, lenye harufu ya gunia. Muuzaji wake, Mama Anifa, jirani wa nyumba ya tatu, alikuja aliposikia mgeni wa Mtwara kafika, nami nikafurahi awepo. Nikamimina maji baridi kwenye glasi mbili. Katika moja nikatia kijiko cha ile yake, katika nyingine nikatia majani yangu. Yake ilitoa rangi palepale, wingu la kijani likashuka hadi chini. Yangu ilikaa tu, maji yamebaki meupe.

"Chai haikimbilii kutoa rangi kwenye maji ya baridi," nikasema. "Hii imetiwa rangi."

Kisha nikachemsha maji, nikayaacha yatulie kwanza, maana maji yanayotokota huiunguza ikawa chungu. Nikamimina juu ya majani yangu. Yakafunguka taratibu mpaka likaonekana jani zima na kikonyo chake, na maji yakawa na rangi ya manjano hafifu yenye harufu ya majani mabichi. Mama Anifa alinusa, akaonja, akaketi chini.

"Mie nilinunua kwa mtu wa magunia," alisema. "Aliniambia ni hiyohiyo. Na mwenyewe nainywa, wallahi." Sikuwa na shaka naye. Ulimi wake ulikuwa wa kijani.

Nikamgeukia dada. Nilijiona nimeshinda.

"Sawa," Somoe akasema. "Basi nitakunywa hiyo yako. Mimina."

"Na vidonge?"

"Vidonge sinywi."

Nilishikwa na hasira, halafu hasira ikageuka woga. Nimevuka mto na vizuizi kuja kuhukumu chai, na chai imehukumiwa, na dada yangu bado anakufa mbele yangu akiwa na kikombe mkononi. Mama Anifa aliaga akaenda kulimwaga vumbi lililobaki kwake. Amade akarudi kwenye cherehani. Tulibaki wawili. Kwa kuwa sikuwa na hoja tena, nikamuuliza swali nililopaswa kumuuliza kwenye simu.

"Dada, hivyo vidonge vinakufanya nini?"

Alikiweka kikombe magotini.

"Vinanikojosha," akasema.

Akaniambia polepole, akiwa ameinamia kikombe. Alikuwa anavinywa baada ya magharibi, maana ndio wakati anaokumbuka. Kila usiku vinamwamsha aende nje, na choo kiko mwisho wa ua, karibu na nyumba moja iliyoungua. Siku ile ya shambulio alikuwa humo chooni milio ya risasi ilipoanza. Alikaa humo amejiziba mdomo kwa kanga hadi kulipopambazuka, akawasikia majirani wakilia na asitoke. Baadaye walikimbia, wakaishi kwa watu, wakarudi, wakajenga. Kila kitu amekirudia isipokuwa ua ule wakati wa giza. Alijaribu kubana mkojo mpaka tumbo likamuuma. Kisha Mama Anifa akaja na chai inayonywewa asubuhi.

"Amade anajua?"

"Nitamwambiaje? Mtu mzima, naogopa choo."

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Amade alisimama mlangoni, uzi umening'inia mkononi. "Somoe," alisema, "mie mumeo." Alikwenda kuita pikipiki ya magurudumu matatu.

Kituo cha afya. Muuguzi alikuwa mwanamke wa Kimakonde kutoka Mueda, mwenye Kiswahili safi na uchovu wa wazi. Alimpima dada presha, akafungua kitambaa cha kipimo mkononi mwake, akampima tena. Uso wake ulibadilika.

"Mama, hii presha iko juu sana. Jicho linatuonya. Leo hurudi nyumbani."

Walimlaza. Walisema itashushwa polepole, kwani kuiangusha kwa ghafla nako kuna hatari. Niliposhindwa kujizuia nikamweleza muuguzi habari ya choo, maana dada mwenyewe alikuwa ameufunika uso kwa mkono. Hakucheka. Alivuta kiti.

"Kidonge hiki unywe asubuhi, baada ya matabisho, yaani ukishafungua kinywa. Hadi jua likizama maji yatakuwa yameshatoka. Na kama ni woga wa nje, weka ndoo yenye mfuniko chumbani. Nusu ya wanawake wa mji huu wanayo. Mimi ninayo."

Dada akauondoa ule mkono usoni. "Na wewe?"

"Na mimi, mama."

Nikamuuliza juu ya chai. Alisema ikiwa nzuri, kikombe kimoja au viwili mchana havina neno kwa Somoe, bila sukari, na visifuatane na vidonge. Ila jioni asinywe, itamkosesha usingizi na itamkojosha vilevile. Mjamzito au mwenye upungufu wa damu naye asiinywe pamoja na chakula, kwani huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. "Ni kinywaji," alisema. "Kinywaji kizuri. Hakijawahi kuapa kuwa dawa."

Siku zilizofuata nilishinda wodini nikiitazama mashine ya kupimia presha kama mtu anayemtazama mtoto anayejifunza kutembea. Namba zilishuka, zikapanda, zikashuka tena. Kichwa kiliacha kumgonga. Jicho la kushoto halikurudi lote. Daktari alisema huenda litasafika zaidi, huenda hapana, na kwamba tungechelewa kidogo mengine yasingerudi kabisa.

Njia ya kurudi ilikuwa ileile, vizuizi vilevile, na hofu sikuiacha nyuma. Dada alinisindikiza hadi barabarani, ameshika mkono wa Amade upande ule asioona vizuri. Aliniambia ameanza kulala usingizi mzima. Kuhusu ua wa nyuma hakusema kitu, nami sikumuuliza.

Sasa niko dukani kwangu Mtwara. Wiki hii aliingia mwanamke nisiyemjua, akataka chai ya kijani iliyo bora kuliko zote, ya mumewe mwenye kisukari ambaye hataki tena kwenda kliniki. Zamani ningemshushia pakiti na kumweleza habari za majani mazima na maji yasiyotokota. Nikaiacha pakiti rafuni.

"Mumeo anaogopa nini huko kliniki?" nikamuuliza.

Aliitazama pakiti rafuni. Halafu akavuta kigoda, akaketi, akaweka mkoba wake chini.