Nguvu ya Kuuza Umeme

Mpaka leo nikisikia mtu anasema watu wa kwetu walikataa umeme, damu inanichemka. Nimeyasikia maneno hayo kwa wasomi, na nimeyasikia kwa wajukuu zangu mwenyewe, wanacheka: bibi, kumbe Mbekenyera mlikuwa mletewe umeme zamani hizo mkaukataa? Hatukukataa kitu. Nilikuwapo, nimekaa chini na wanawake wenzangu nje ya ghala la chama cha ushirika, na nitasema nilichokiona.

Mama yangu alikuwa na mkono mmoja mzima. Wa kulia ulivunjika begani alipoanguka na mzigo wa kuni, ukaungwa pale pale kijijini, ukapona vibaya. Kijiko aliweza kukiinua, mchi hakuweza, kwa hiyo alitwanga kwa mkono wa kushoto. Wanaocheka leo hawajawahi kutwanga mtama. Unauloweka, unaukoboa, unaupeta, unautwanga, unauchekecha, halafu chenga zote zinarudi kinuni unaanza upya. Nyumba yetu ilikuwa na walaji wengi, na watwangaji tulikuwa wawili tu: mimi niliyekuwa nimetoka unyagoni juzijuzi, na yeye na mkono wake wa kushoto. Jioni nilimkanda bega kwa maji ya moto, naye alitazama pembeni ili nisione uso wake.

Wakati huo mradi wa karanga ulikuwa umekufa. Wazungu walikuja Nachingwea na matrekta, wakang'oa msitu, karanga zikawashinda, na sasa walikuwa wanauza vitu vyao. Mimi na mama tulikuwa tunakwenda huko kuuza mayai. Kwenye kambi moja ya vibarua, jikoni, kulikuwa na mashine ya kusaga iliyozungushwa na stimu. Stimu ndilo neno walilolisema kambini, wapishi, madereva na vibarua wote, na sisi tukalichukua hivyo hivyo mpaka kijijini. Taa za stimu, waya wa stimu, mashine ya stimu. Mama alisimama pale mpaka debe likajaa unga. Akaingiza mkono wake mbovu ndani ya ule unga ukiwa bado una joto, akauacha humo.

"Kazi hii hata mimi naiweza," alisema. "Kumwaga mtama na kukinga debe."

Tulikuwa tumesikia kwamba ile mashine na jenereta yake vitauzwa pamoja, na kaka yake mama, mjomba wangu, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha ushirika cha mazao. Mama alimwandama asubuhi na jioni. Mjomba akakubali, si kwa kuogopa maneno ya dada yake tu, bali kwa sababu hesabu ilikuwa nzuri. Jenereta ingekaa ghalani. Mchana ingesaga, na giza likiingia ingewasha taa za dispensari na za duka la Mhindi, ambao walikuwa tayari kununua hiyo stimu ili mafuta yapatikane. Ufuta wa msimu ule ulikuwa mwingi, na pesa za kununulia zilikuwapo. Wenye mashine walimwambia mjomba watamngoja, lakini si sana.

Kumbe kuna sheria. Mjomba alirudi kutoka bomani uso umemshuka, akatueleza kwamba chama kina nguvu zile tu zilizoandikwa katika kanuni zake. Leo wangesema mamlaka, lakini sisi siku zile tuliambiwa nguvu. Chama chetu kiliandikwa kuwa kina nguvu ya kununua mazao, kuyaweka na kuyauza. Nguvu ya kuuza stimu hakikuandikiwa. Ili kiandikiwe, sharti wanachama wakutane mbele ya ofisa wa ushirika, theluthi mbili wainue mikono, ndipo maombi yapelekwe Dar es Salaam.

"Kwani mashine haizunguki mpaka iandikwe?" mama aliuliza.

"Dada, mashine nguvu inazo. Chama ndicho hakina."

Tulicheka. Sikujua kwamba nitakaa miaka yote hii nikilichukia neno hilo.

Na hapa niseme kitu kuhusu hao wanachama. Kwetu shamba ni la mwanamke. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwanamume akioa huja kukaa kwa mkewe na kulima shamba la mkewe. Baba yangu alikuja hivyo, na kanga mbili na jembe. Shamba la ufuta lilikuwa la mama, alilipata kwa bibi. Lakini chama kilipoanza, aliyekuja kuandika wanachama alimwuliza kila mtu, "Mwenye nyumba ni nani?" na akaandika mwanamume aliyemkuta amekaa kwenye kigoda. Basi ufuta wa mama ukaingia chamani kwa jina la baba. Wanaume wetu waliona ni jambo dogo, karatasi tu za serikali. Nasi wanawake tuliona hivyo hivyo, na hasira yangu nyingine iko hapo.

Ofisa alifika siku ya mkutano mapema, wanaume wengi wakiwa bado njiani. Alikuwa kijana wa Kiafrika, msomi, ametoka mbali, nguo zake zimepigwa pasi hata huruma kuzikalisha kwenye mkeka. Mjomba alikuwa ghalani anapanga viti, kwa hiyo mama ndiye aliyempokea, akampa uji wa mtama wenye sukari. Nikapiga magoti nikamnawisha. Alikuwa mchangamfu. Aliuliza hiyo mashine mnaitakia nini, mama akamweleza, akamwonyesha na bega.

"Lakini mama," alisema huku akicheka, "stimu si Kiswahili. Hayo ni maneno ya vibarua. Kiswahili chake ni umeme."

"Umeme?" mama alishtuka. "Huku kwetu, baba, umeme ni ule wa mbinguni. Unaua watu."

"Ndiyo huo huo, isipokuwa huu umetiwa kwenye waya."

Mama alimtazama kama anatazama mtu anayetania msibani. Masika yaliyopita radi ilikuwa imepiga nyumba mbili za kitongoji cha jirani, na watu wakasema kuna mtu amenunua umeme kwa mganga ili awamalize wenzake. Mzee mmoja alihamishwa kijiji kwa maneno hayo. Mama alimsimulia ofisa yote hayo palepale, bakuli likiwa mkononi mwake. Akamwambia, "Ukifika ghalani, baba, sema stimu." Yule kijana aliitikia kwa kichwa, akaomba uji mwingine.

Nimeeleza haya ya uji ili mtu asije kumtetea kwamba hakujua.

Wanaume waliingia ghalani. Sisi tulikaa nje, chini ya madirisha, kwa sababu si wanachama. Mjomba alisema maneno ya kukaribisha, kisha ofisa akasimama na kusoma kanuni, ndefu, za Kiswahili cha vitabuni, ambacho wengi mle ndani walikuwa wanakifuata kwa shida, maana wao wakiwa nyumbani husema Kimwera. Alipomaliza akakunja karatasi, akapaza sauti:

"Anayetaka chama hiki kiwe na nguvu ya kuuza umeme, ainue mkono!"

Nilichungulia dirishani. Wanaume wote walikuwa wanatazama miguu yao. Baba yangu alikalia mikono yake, kabisa, ameiweka chini ya mapaja. Na nani angeinua? Ainue mkono mbele ya serikali na majirani, akiri kwamba anataka kuuza radi? Hata mjomba, aliyekwenda mwenyewe Nachingwea kuomba mashine, alikuwa amepigwa na bumbuwazi. Baadaye alituambia alidhani ametegwa, kwamba mtu amemchongea bomani kuwa ni mchawi.

Mama akasimama. "Ni stimu hiyo!" alipiga kelele. "Anasema stimu! Inueni mikono!"

Ofisa alikuja mpaka dirishani. "Huyu ni mwanachama?"

Baba alikuwa mle ndani, naye hakujibu.

"Asiye mwanachama haruhusiwi kusema katika mkutano. Ndiyo sheria."

Akarudi mezani, akauliza nani hataki chama kiuze umeme. Mikono yote ikapanda, upesi, mingine miwili miwili. Akaandika, akafunga mkutano.

Walipotoka nje na sisi tukawaeleza, ghala zima lilikuwa kama nyuki waliochokozwa. Stimu! Si angesema! Mjomba alimfuata ofisa, akamwomba awarudishe watu ndani, swali moja tu, dakika moja. Ofisa alijibu kwa upole, jambo ambalo mpaka leo naliona baya kuliko kama angetukana. Alisema kura imekwisha, na jambo lililokataliwa haliulizwi tena mpaka mkutano mkuu wa mwaka ujao. Mama alimkabili, akamwambia, "Nilikwambia asubuhi, ukinywa uji wangu."

"Mama, siwezi kuandika kanuni kwa lugha ya vibarua," alisema, akapanda gari.

Nilimchukia, na bado namchukia. Si mtu mwovu, najua. Hakula rushwa, hakumwibia mtu. Alipenda Kiswahili chake kizuri kuliko bega la mama yangu, basi. Nawachukia pia waliotunga sheria ya kwamba mwenye shamba anyamaze dirishani na mgeni wake wa kwenye kigoda ndiye apige kura. Na baba nilimpenda, lakini kwa muda mrefu nikimwekea maji ya kuoga niliyaweka bila kusema neno.

Wenye mashine hawakungoja. Kabla ya mvua za kwanza jenereta ilipakiwa kwenye lori pamoja na kinu chake cha chuma ikaenda zake, wengine wanasema Lindi, wengine wanasema ilifunguliwa ikauzwa vipande vipande. Mama aliendelea kutwanga kwa mkono wa kushoto mpaka nao ukaanza kumuuma.

Mwaka uliofuata ofisa yule yule alikuja. Ni desturi mgeni wa chama ale kwa mwenyekiti, na mpishi alikuwa mama. Wanawake walikuwa wamekwisha kuambizana la kumfanyia. Nikamnawisha mikono kama mwanzo. Mama akaleta sahani kubwa iliyofunikwa kawa, akaiweka mbele yake, akafunua. Ulikuwa mtama mkavu, mzimamzima, kama ulivyotoka shambani, na pembeni bakuli la mchuzi wa kunde.

"Karibu, baba."

Aliutazama ule mtama. "Mama, huu haujatwangwa."

"Nyumba hii haina nguvu ya kutwanga," mama alisema. "Haikuandikiwa."

Mjomba alikohoa sana. Yule kijana alinyanyuka, akaenda dukani kwa Mhindi akanunua biskuti, tukamwona anazila amesimama.

Lakini niseme haki, ghalani siku ile alisema stimu. Alilitamka vizuri kabisa, mara mbili. Mikono ikapanda yote, na wa baba ndio uliokuwa wa kwanza. Maombi yakaenda Dar es Salaam na baada ya miezi yakarudi yamekubaliwa, na mjomba akatusomea uani kwetu: chama sasa kina nguvu ya kununua, kumiliki na kuendesha mashine ya umeme, na kuuza umeme huo kwa wanachama na wasio wanachama. Watu walipiga makofi. Mashine ilikuwa haipo, na pesa za ufuta wa msimu ule mzuri zilikuwa zimekwisha gawanywa na kuliwa. Miaka yote niliyokaa Mbekenyera chama chetu kilikuwa na nguvu hiyo, na hapakuwa na waya hata mmoja.

Makofi yalipokwisha, mama aliinuka akaenda kwenye kinu. Alinitupia mchi mmoja, akachukua wake kwa mkono wa kushoto.

"Haya mwanangu," alisema, "nguvu zimefika. Lete mtama."