Baba Alivyotembea Kama Dinosaria

Kazi yangu ya kwanza kama fundi mkuu ilikuwa kutengeneza nyayo za dinosaria. Sitanii. Loji moja ya watalii pale Rhotia ilitaka njia ya zege bustanini, yenye nyayo za wale wakubwa wala majani. Bosi aliniambia wazi: Jumamosi anakuja mtaalamu wa nyayo za kale kutoka Ngorongoro. Akizikataa, tunabomoa, kazi wanapewa mafundi wa Arusha.

Nikazichora kwa chaki, zimenyooka kama vifungo vya shati. Baba, aliyechunga ng'ombe kijijini Kansay maisha yake yote, alikuwa amekuja kunisaidia kuchanganya zege. Alizitazama, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mwanangu, mnyama wako mbona anatembea kama trekta?"

"Sasa atembeeje, baba?"

Jamani, mzee wa kanisa mzima na heshima zake akavua koti, akainama, mikono na miguu chini, makalio juu, akaanza kukatiza bustani ya watu. Wapishi wakatoka jikoni kushangaa. Nilimfuata na chaki nikiweka alama kila alipokanyaga, machozi ya kicheko yananitoka. Nikachukua vipimo vyake, nikazidisha mara tatu, tukamwaga zege. Sijawahi kufurahia kazi namna ile.

Jumamosi mtaalamu, mama wa makamo, alipita kando ya nyayo hadi mwisho. Akarudi mwanzo, akachuchumaa.

"Huyu anatembea kweli," alisema. "Ila anachechemea. Mguu wa nyuma wa kushoto, hatua yake ni fupi."

Nikamgeukia baba. Mguu ule alivunjwa na fahali kabla sijazaliwa, na sisi nyumbani tulishaacha kuuona.

Bosi hakungoja. "Basi bomoeni za kushoto, mzirudie."

"Hazibomolewi," nilisema, sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Kama ni kazi, wape hao wa Arusha. Huyo ni baba yangu."

Bosi akamtazama mtaalamu, mtaalamu akamtazama baba. Baba akajifuta mikono kwenye suruali, taratibu.

"Hachechemei, mama. Ameshiba tu."

Yule mama alicheka hadi akakaa chini, kisha akamwambia bosi aziache kama zilivyo. Siku hizi watoto wa wageni wanazikanyaga moja moja, na wote wanachechemea kidogo mguu wa kushoto.