Kisu cha Mama Pacha kwenye meza ya fundi viatu

Wanaosema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama hawajawahi kumuuliza anayekinoa. Fundi Cheche alinoa visu vya watu kwa miaka ishirini na mbili, na nyama aliyoipata ilikuwa ile ile ya kila mtu, kidogo na yenye mfupa. Alichokula kwa wingi ni sifa. Mtu akimwambia, "Fundi, mkono wako hauna mwenzake," alishiba mpaka jioni.

Kazi yake aliifanya juu ya baiskeli ambayo haikuwahi kufika popote. Ilisimama kwenye stendi pembeni mwa soko, gurudumu la nyuma likiwa halina tairi, na kamba ya mpira ikitoka kwenye rimu kwenda kuzungusha jiwe lililofungwa mbele ya usukani. Juu ya jiwe lilining'inia kopo la rangi lililotobolewa kwa msumari, likidondosha maji tone kwa tone. Kwa pedali alizokanyaga Fundi Cheche angekuwa ameshaizunguka dunia mara tatu. Na kila jioni alirudi nyumbani kwa miguu.

Jirani yake hapo sokoni alikuwa fundi viatu ambaye watu walimwita Soli, mtu mpole, mwenye kikohozi cha aibu: akikosa la kusema, hukohoa. Kwa miaka tisa, kila Jumatatu, Soli alisogea na kisu chake cha kukatia ngozi na kusema, "Kaka, nigusie kidogo." Cheche alimgusia bure, kwa ukarimu wa mtu anayejua kwamba anayegusiwa hatamzidi kamwe.

Kisha Soli akanunua mashine. Ilikuja ndani ya gunia, imeshatumika: mota moja, rola mbili, na katikati yake mkanda wa msasa uliokimbia kasi kama habari za msiba. Ilikuwa ya kulainisha soli za viatu, basi. Hakuna aliyewaza visu, mpaka Alhamisi moja mwenye bucha alipofika mbio na kisu butu, akakuta baiskeli haina mtu. Fundi Cheche alikuwa ameenda haja ndogo. Falme zimeanguka kwa sababu kubwa kuliko hiyo, lakini si nyingi.

"Soli, hiyo kitu yako haiwezi kunoa?"

"Sijui, bwana. Tujaribu."

Wakajaribu. Cheche aliporudi, akifunga vizuri mkanda wa suruali, mwenye bucha alikuwa ananyoa vinyweleo vya mkono wake kwa kisu na kucheka peke yake kama mtu aliyeota amerudiwa na ujana.

Tangu siku hiyo wivu ulihamia kwa Fundi Cheche, ukiwa na mizigo yake yote. Alijifunza kuona kwa kisogo. Akiwa amewapa mgongo, alijua nani kapita kwake bila kusimama, kasimama kwa Soli na visu vingapi, na kacheka mara ngapi. Mlio wa mashine ulimwingia kwenye jino bovu.

"Hiyo ni mashine ya viatu!" alipaza sauti siku moja. "Nyama yako itanuka soksi!"

"Itanuka soksi lakini itakatika," alijibu mwenye bucha. "Kaka, usikasirike. Kwa Soli ni dakika moja. Kwako nakaa mpaka nakumbuka madhambi ya utotoni."

Faraja ya Cheche ilibaki nyumbani. Mkewe, Mama Pacha, alifanya kazi ya kufua mashuka hospitalini, na mapacha wenyewe walishakua na kuhama. Nyumba ilikuwa imepoa. Lakini miezi hii ya karibuni Cheche aliona jambo mezani: vitunguu vilikuja vyembamba kama karatasi, na nyanya ungeweza kuziweka juu ya gazeti ukasoma. Zamani zilikuja zimepondekapondeka, kama zimegongwa na lori. Akaona hayo ni mapenzi yaliyorudi. Akashindwa kunyamaza.

"Soli, wewe una mashine, sawa. Mimi nina mke. Nyanya anazonikatia mama yule! Mwanamke hakati hivyo kama hakupendi."

Soli alikohoa kwa muda mrefu sana.

Basi ikawa Ijumaa. Soli aliondoka kwenda kununua gundi, akaacha mezani visu saba vikisubiri zamu. Cheche alipita karibu kuvikagua, si kwa nia mbaya, kwa nia ya kawaida tu ya kutafuta kasoro. Cha tano kilikuwa na mpini uliozungushiwa waya wa shaba.

Waya ule aliuzungusha yeye mwenyewe, mwaka waliooana.

Alikitazama kisu kama mtu aliyekuta kanga ya mkewe imeanikwa kwenye kamba ya jirani. Angefumania barua, angeisoma. Angefumania simu, angeuliza. Lakini kisu! Mke wa mnoaji anampelekea mwanamume mwingine kisu, tena wa mlango wa pili!

Akili ikamletea ushauri mchafu. Alijua kwamba chuma kikikaa kwenye mkanda bila kupozwa, makali huungua, yakageuka rangi ya buluu na kulegea. Kisu cha namna hiyo hakishiki tena makali. Akiunguze. Mama Pacha akikute kimeungua, amchukie Soli mpaka siku ya kiyama. Akawasha mashine.

Ila mkono wa miaka ishirini na mbili una dini yake. Ulipokishika kile kisu ulikataa katakata kukiharibu. Ulikiinamisha kwa pembe sahihi, taratibu, kwa adabu, na kukipeleka kwenye mkanda kama ulivyopeleka visu vyote kwenye jiwe: makali mbele.

Jiwe hukabiliwa. Mkanda haukabiliwi, maana ni kitambaa chenye mchanga. Makali huufuata mkanda, yakiutangulia unachanika.

Paaa! Mkanda ulikatika, ukaruka kama nyoka aliyekanyagwa, ukamvua Cheche kofia na kuitupa kwenye kopo la gundi lililobaki. Mwenye bucha, aliyekuwa anakuja na visu vinne kwapani, alisimama. Soli naye akatokea na kopo jipya.

"Nani kakata mkanda wangu?"

"Muulize aliye kichwa wazi," alisema mwenye bucha.

"Kaka, uliweka makali mbele?"

"Makali hukabili jiwe! Tangu dunia iumbwe!"

"Jiwe liko wapi hapa, bwana? Sina mkanda mwingine mpaka wiki ijayo!"

Na hapo ndipo sauti aliyoifahamu Cheche iliposema nyuma yake, "Soli, habari za kazi? Kisu changu kiko tayari?"

Mama Pacha alikuwa na kikapu mkononi, ametoka zamu. Alimwona mumewe, akaona kisu, akaona kofia kwenye gundi.

"Baba Pacha. Unafanya nini na kisu changu?"

"Na chenyewe kinafanya nini huku?"

"Kinanolewa."

"Mimi ninafanya kazi gani, mama?"

"Ndiyo nakuuliza! Miaka mitatu nakwambia kisu hakikati, unasema kesho. Nyanya nilikuwa sizikati, nazitisha tu zinapasuka zenyewe. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini hata mkewe?"

"Ungekileta hapa kwangu."

"Nilikileta. Ukaniweka nyuma ya huyu mwenye bucha. Ukasema, mke wa fundi anaweza kusubiri. Nikasubiri mpaka saa ya zamu ikafika, nikaondoka nacho vile vile."

Mwenye bucha alianza kukagua viatu vyake. Cheche aliogopa swali lake mwenyewe, lakini lilishatoka.

"Hii ni mara ya ngapi?"

"Ya nne."

Nyanya zote zikampita machoni, nyembamba, moja baada ya nyingine. Soli alikohoa, na safari hii Cheche akaielewa lugha ya kikohozi.

"Ya ndani mtayamaliza ndani," alisema mwenye bucha. "Mimi nina ng'ombe mzima anasubiri. Visu vyangu nani ananoa?"

Wote waliigeukia baiskeli. Cheche alikwenda, akapanda kitini, akajaza maji kwenye kopo. Mwenye bucha akamnyooshea visu vinne. Cheche hakuvitazama. Alichukua kile chenye waya wa shaba.

"Wee fundi, mimi ndiye nilitangulia!"

"Mwenye bucha anaweza kusubiri."

Alikanyaga taratibu. Maji yalidondoka, jiwe likaimba ule wimbo wake wa pua. Soli alikuwa anaivua kofia kwenye gundi kwa kijiti. Cheche alifuta kisu kwenye suruali, akampa mkewe kwa kutanguliza mpini.

Mama Pacha alitoa nyanya kikapuni, akaikata juu ya kiganja. Kipande kilidondoka bila kutoa maji.

"Kinakata," alisema.

"Kama cha Soli?"

Akakata kipande cha pili. Akakiinua kwenye mwanga. Akakata cha tatu. Cheche alikuwa anakanyaga pedali na jiwe linazunguka tupu, halina chochote juu yake.

"Mwezi ujao nitakileta tena," alisema Mama Pacha, akikifunga kisu kwenye gazeti.

"Kwa nani?"

"Kwa nitakayemkuta hajaenda haja ndogo."

Akaondoka na kikapu chake. Mwenye bucha alicheka mpaka akaketi chini na visu vyake vyote. Tangu siku hiyo Fundi Cheche hanywi maji mpaka soko lifungwe, na Soli akikohoa tu, hata kama ni mafua ya kweli, Cheche anageuka kuangalia ni nani kafika.