Alasiri Tuliyofika Qantab

Mama amefariki mwaka huu. Juzi nilimwona kijana akiwatembeza wageni katika nyumba ya kale, nikakumbuka alasiri tuliyofika Qantab, kijiji cha wazee wa baba ng'ambo ya bahari, tumeiacha Unguja na kila kitu chetu.

Shangazi alitupitisha chumba baada ya chumba, kuta zikinuka moshi na papa mkavu. "Humu kazaliwa babu yako," aliniambia. Mimi nilidhani tumekuja kutembea tu.

"Tunarudi lini kwetu?" nikauliza.

Mama akanishika mkono. Tukaketi mkekani. Kahawa humiminwa na mwenyeji, si mgeni, lakini shangazi alimkabidhi mama dele lililojaa. Nilidhani amechoka.

"Mimina, wifi. Nyumba yako hii, unamngoja nani?"

Mama akafuta macho, akammiminia shangazi kikombe cha kwanza.